Kengele ya Jumapili Haijazwi Upepo

Kigoma,
Jumatatu mchana, mtoto akiwa amelala.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Shikamoo na mama, maana najua amesimama nyuma ya kiti chako akingoja umsomee. Mimi na mjukuu wenu Tumaini tunapumua vizuri, namshukuru Mungu, na wiki hii neno hilo la kupumua silitaji kwa mazoea. Meno mawili ya juu yamemwota kwa homa na kilio, sasa anang'ata kila kitu na mimi nikiwemo. Usingizi wangu ni wa vipande vipande. Nawaza magoti ya mama yakoje, mtama umefikia wapi, na kama upepo wa kwetu umeliachia jiko paa lake mwaka huu.

Baba, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba salamu zikizidi zinaficha jambo. Kwa hiyo naingia kwenye jambo. Nina hasira. Nimekaa siku sita nikiipoza ndipo niandike, na haijapoa. Ukiona mahali nimepungukiwa adabu, nisamehe. Lakini jambo lenyewe usiliruke, lisome mpaka mwisho, na umsomee mume wangu Yohana pia, kwa sauti, awe amekaa.

Naandika kwa sababu kwenye simu umenishinda. Mara ya kwanza ulisema mtandao mbaya. Mara ya pili ukasema, "Yunisi mwanangu, wewe jaza upepo tu, mengine tuachie wanaume." Mara ya tatu hukupokea kabisa. Lakini wewe umekuwa katibu wa kamati ya maji tangu nina akili, na ni wewe unayewaambia watu mkutanoni kwamba neno la mdomo halina pa kushikia, leteni karatasi. Haya, karatasi ndiyo hii. Nimeifunga kwenye shingo ya mtungi mkubwa, ndani ya gunia, ili asipatikane mtu wa kuushika mtungi kabla ya kuishika barua.

Nianzie mwanzo, maana mume wangu sidhani kama ameelezwa yote.

Mvua zilipoanza ulinipigia ukaniambia nikutafutie vali mbili za mitungi ya kuzamia, za kisasa, kwa ajili ya mitungi ya zamani ya chuma. Baba, nilifurahi mpaka nikaona haya. Tangu nije huku kwa shangazi na kupata kazi kwenye banda hili la kujazia mitungi ya vijana wanaozama ziwani kukamata samaki wa mapambo, hujawahi kuniuliza nafanya nini. Kwako ni "kazi ya samaki" basi. Siku hiyo fundi wa visima anayejulikana mpaka Kiomboi ananiuliza mimi habari za vali! Nikakimbia kwa Mzee Maganga. Huyu ndiye fundi wa kompresa, mashine yetu ya kujazia upepo; ni Mnyamwezi wa Urambo, mtani wetu, kwa hiyo ananitania asubuhi mpaka jioni. Akanipa vali mbili alizozitoa kwenye mitungi iliyochakaa. Akaniuliza, "Shingo ya huo mtungi wa baba yako ina meno ya aina gani?" Nikamjibu, "Baba yangu ni fundi, anajua mwenyewe."

Hapo kosa ni langu, na nalikiri kabla hujanikumbusha. Niliona fahari nikaacha kuuliza.

Nikakutumia kwa basi. Baada ya wiki ukapiga unacheka. Ukasema, "Zimeingia. Zilikuwa zinacheza kidogo, nikazungushia katani na rangi kama bomba la kisima, na ule mpira wake nikaupaka alizeti. Sasa zimetulia." Nikacheka na mimi. Nilidhani ni kitu cha kisimani. Hukuniambia ni cha nani wala cha nini, na mimi sikuuliza. Sisi watu wa nyumba hii tunapendana sana lakini tunaelezana kidogo.

Jumanne iliyopita kondakta akanipigia nikachukue mzigo. Gunia la alizeti, zito, limeshonwa kwa mkono wako, ule mshono wako wa kuruka ruka. Nikaliburuta mpaka bandani. Nikalipasua.

Baba, niliitambua kabla haijatoka yote. Niliitambua kwa makovu. Ule upande mmoja uliobonyea bonyea kama uso wa mtu aliyeugua ndui, pale chuma kilipogonga kila Jumapili tangu kabla sijazaliwa. Rangi ya njano imebaki magamba magamba. Na mdogo wake, yule mwembamba, ana alama ya mnyororo shingoni. Nikakaa chini. Mitungi hii miwili ndiyo kengele ya kanisa letu! Kubwa na ndogo! Kengele iliyonitoa kitandani utoto wangu wote, iliyolia nilipopata kipaimara, iliyolia nikitoka na Yohana mlangoni mama akinirushia mtama kichwani. Mmeishusha kwenye boriti yake, mmeikata mnyororo, mmeitia vali na kuniletea mimi niijaze upepo kama tairi.

Na Jumapili mnaitana kwa nini? Mama aliniambia kabla mzigo haujafika: mnapiga rimu ya gurudumu la trekta. Nilidhani anatania.

Nikamwita Mzee Maganga. Akaitazama ile katani nyekundu ya rangi iliyotoka kwenye shingo kama ndevu, akavua kofia. Akauliza, "Mama Tumaini, nani amekufa?"

Nikamwambia, "Hajafa mtu. Baba amefunga vali."

"Amefunga kama bomba la maji."

"Ndiyo."

Akanusa. "Na hii ni nini? Alizeti? Watani zangu, Mungu aliwapa alizeti mkadhani amewapa na dawa ya kila kitu. Mnapaka mtoto, mnapaka bawaba, mnapaka na pumzi ya mtu!"

Nilitaka kucheka nikashindwa, kwa sababu yeye hakucheka. Akabana mtungi, akachukua spana ndogo, ile ya kufungulia baiskeli. Baba, sikuongezei neno hapa: alizungusha kidogo, katani ikakatika, na kilichobaki alikimalizia kwa vidole. Akaipangusa vali, akairudisha bila katani, akanishika mkono na kuuweka juu yake. "Tikisa." Nikatikisa. Ilicheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

Akanieleza polepole, nami nakueleza wewe hivyo hivyo. Mitungi hii ya zamani shingo yake ndani ina meno ya kuzungushia, mapana zaidi. Vali hizi mpya meno yake ni membamba kwa unywele tu. Kwa hiyo inaingia, inazunguka, inabana, fundi anaridhika. Kumbe imeshika kwa ncha za meno tu. Katani na rangi zinazuia maji ya kisima, maana maji ya kisima yanasukuma kama mtoto anavyosukuma mlango. Upepo wa mtungi wa kuzamia unasukuma kama ng'ombe mia wakiwa nyuma ya mlango huo huo. Siku ya kujaza, vali haivuji. Inaruka. Na mtu aliyeinama juu yake kusoma kipimo ni nani? Ni mimi, baba. Na ikikosa kuruka kwangu, ingeruka ikiwa mgongoni kwa Yohana, nyuma ya kichwa chake.

Juu ya kiti ninachokaa kila siku kuna kiraka kwenye bati la paa. Nilidhani ni cha kuzuia mvua. Siku hiyo Mzee Maganga akaninyooshea kidole. "Hapo ndipo ilipopita vali ya mtungi mmoja kabla hujaja. Ilikuwa na meno kama ya hizi vali za baba yako. Aliyekuwa anajaza alikuwa ameinuka kwenda kunywa maji." Mimi sasa kila nikikaa pale nainua macho.

Nisikuonee. Mzee Maganga aliugonga ule mtungi mkubwa kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasema, "Baba yako si mjinga. Chuma kinalia safi." Najua ndicho ulichotegemea, kwamba kitu kinacholia vile hakina ufa. Lakini akanimulikia tochi ndani: kutu ya maji ya mvua ya miaka yote ile. Akapitisha kidole kwenye mabonyeo ya nje. Akasema mtungi uliopigwa nyundo kila Jumapili hata ukipata vali yake halisi, hakuna mtu mwenye akili atakayeujaza. Sauti nzuri ni ya kengele. Pumzi inataka zaidi ya sauti.

Ndipo nikampigia Yohana. Maana wewe ulishasema tuachie wanaume, nikaona nimtafute mwanamume mwenyewe anayeachiwa.

Alijikanyaga kanyaga, kisha akatoa. Kwamba duara, lile shimo wanalochimbia dhahabu, limejaa maji ya mvua. Kwamba pampu imekatika kamba imezama chini kabisa. Kwamba mwenye duara hataki kuleta pampu nyingine ya kunyonya maji, anataka mtu ashuke na mtungi mgongoni akaifunge kamba ile pampu iliyozama. Na mtu huyo ni yeye, kwa sababu ndiye pekee pale anayejua kuogelea.

Nikamwambia, "Yohana, unaogelea wapi?"

"Mke wangu, mimi nimekulia kando ya ziwa Kitangiri, unajua."

"Kitangiri juu yako kuna jua. Ukichoka unainua kichwa. Huko duarani ukiinua kichwa unagonga jiwe, na ni giza, na ni matope, na mbao zimeoza. Vijana wa hapa wanafundishwa miezi ndipo waguswe na mtungi, na maji yao ni meupe mpaka unaona samaki akipiga miayo."

Akaanza kujibu. Kisha nikasikia simu imenyang'anywa, sauti nyingine nzito: mwenye duara mwenyewe.

"Shemeji, wewe ni wa kujaza au wa kuhutubia?"

Nikamsalimia, maana mlinilea. Kisha nikamwambia, "Kama ni kazi rahisi, shuka wewe."

"Mimi nina kifua, shemeji."

"Pole. Na Yohana ana mtoto."

Akakata.

Hapo nikajua, baba, kwamba tangu mwanzo hazikutafutwa vali. Alitafutwa mtu wa kushuka, na vali ni nguo ya kumvalisha apendeze. Na wewe umeitwa uishone nguo hiyo. Mkwe wako! Uliyemkalisha siku ya posa ukamuuliza maswali mpaka akatokwa jasho, kwamba atamtunzaje binti yako. Leo unampaka alizeti.

Jioni yake nilipiga simu yako, mama akaipokea, akaniambia kwa sauti ya chini kitu ambacho hamkutaka nikijue. Kwamba mwenye duara ameahidi pampu ikitoka, ikimaliza kazi yake, ataileta kisimani kwetu, ili watu waache kufuata maji korongoni. Ndipo nikaelewa. Nilielewa kwa nini mtu kama wewe angeshusha kengele. Najua korongo lile. Najua ndoo inavyokaa kichwani mwa mama na magoti yake yanavyolia akipanda. Kama kuna mtu anayetaka maji yafike pale, ni mimi.

Lakini mama, nisikie na wewe hapo nyuma ya kiti. Hayo maji utayanywa? Ukichota kila ndoo ukikumbuka bei yake? Mimi siyataki, hata yakiwa matamu.

Na baba, hili ndilo lililonichoma kuliko yote. Ile pampu ya mkono ya kisima chetu haikufa. Wewe mwenyewe uliniambia inataka washa za ngozi, zile pete za kubana maji, na fimbo moja ya chuma ya kunyoosha. Mnangoja msaada. Mnangoja mkutano. Lakini siku tatu nzima umezitumia kuifunga kengele vali isiyo yake, kwa katani, kwa rangi, kwa ustadi, kwa sababu mwenye duara ni mtu mkubwa na alikuja nyumbani kukuita "fundi." Siku hizo tatu zingetosha kisima. Nimelisema. Lingebaki tumboni lingeharibu maziwa ya mtoto.

Sasa nakuambia nilichofanya, na nimekifanya bila ruhusa yako.

Alhamisi nilimwomba Mzee Maganga aitoboe mitungi yote miwili. Ndiyo desturi ya kazi hii: mtungi uliokataliwa hutobolewa ili asije mtu mwingine akaujaza kwa kutojua, au kwa kujua. Akakataa. "Siwezi kutoboa mali ya mzee wa watu." Nikamwambia, "Mzee huyo ni baba yangu. Fimbo itaniangukia mimi." Akautoboa ule mdogo, kisha akanyoosha drili kwangu. "Mkubwa toboa mwenyewe, ili ukiulizwa usimtaje Mnyamwezi."

Tumaini nilimwacha kwa jirani. Nikapiga magoti, nikaegemea drili kwa kifua. Chuma kile kigumu, baba! Nililia, na si kwa moshi. Ilipopenya, kikatoka kipumzi cha hewa ya zamani, yenye harufu ya kutu na alizeti. Sasa una tundu linaloingia kidole gumba, chini ubavuni. Hakuna kompresa duniani itakayoujaza, wala ya mwenye duara wala ya tajiri mwingine.

Kisha niliogopa. Nilidhani nimeiua sauti. Tukaufunga kamba kwenye boriti ya banda, nikaupiga kwa spana kubwa. Baba, imelia. Ile ile, imelia mpaka vijana wa samaki wakatoka nje kuuliza ni nini. Jirani alikuwa ananiletea mtoto wakati huo. Tumaini akaacha kulia, akageuza shingo, akaanza kuyumba yumba mgongoni kwa yule mama. Hajawahi kuisikia hata siku moja maishani mwake. Mzee Maganga akasema, "Haya, huyo ni Mlutheri kamili."

Kwa hiyo nakurudishia mitungi yako, mizima kwa kazi yake. Vali sikurudishii, ziko kwenye boksi la Mzee Maganga. Kwenye mfuko mdogo wa nailoni utakuta washa nne za ngozi. Kipimo nilikikumbuka, maana utotoni nilikuwa nakushikia taa ukizibadilisha. Mzee Maganga amezikata kwa mkono na amezichemsha kwa mafuta, na si ya alizeti. Fimbo utainyoosha mwenyewe, hiyo hakuna anayekushinda.

Kwa mwenye duara msomee kipande hiki: pampu yako ni chuma, lete pampu nyingine unyonye maji yako, hiyo ni kazi yako. Akikasirika, mwambie binti yangu amekataa, na binti yangu ana kichwa kigumu, alikirithi kwangu.

Kwa Yohana: mume wangu, sikukatazi kuchimba. Nimekula jasho lako na nimevaa jasho lako. Lakini maji yale huyashukii. Ukishuka kwa mtungi wa mtu mwingine yeyote, mimi na mtoto tutapanda basi, tutashuka Misigiri, na tutakuja kukaa juu ya mdomo wa duara hilo na sufuria zetu. Unanijua.

Nisalimie shangazi mkubwa anayeuza vitunguu barabarani, mwambie mdogo wake huku hajambo ila anazidi kunenepa kwa mawese. Nisalimie babu mdogo, yule anayepiga kengele, mwambie pole kwa kupigishwa rimu wiki zote hizi. Mama mkwe wangu kule Kitangiri mpe salamu za peke yake, na usimwambie lolote kuhusu haya. Presha yake haiyataki. Mama, mlenda uliokausha umefika, tumekula na samaki wa huku, migebuka, wenyeji wa hapa wakatushangaa.

Nina ombi moja, baba, kisha namwamsha mtoto.

Babu mdogo anajua kupiga kwa namna mbili. Kuna ile ya moja moja, ya polepole, tuliyoisikia bibi alipofariki, kila pigo likikaa kimya kabla ya lingine. Na kuna ile ya Jumapili, kubwa na ndogo zikijibizana haraka kama watoto wanaogombana. Rudisheni kengele kwenye boriti yake. Jumapili hii asubuhi nipigie simu, usiseme neno, usinieleze wala usijitetee, nyoosha tu simu juu watu wakianza kuingia. Nitakuwa nimekaa pale chini ya kiraka, Tumaini mapajani. Mtungi uliojazwa haulii hivyo, nimeshajua, sauti yake hufa. Nikisikia zile mbili zikigombana, nitajua Yohana yuko juu ya ardhi na wewe hukunikasirikia sana.

Piga ya Jumapili, baba. Ile nyingine sina masikio yake.

Ni mimi binti yako, ninayekuheshimu na niliyekukatalia,

Yunisi, mama Tumaini.